Cheti Ambacho Bwana Sleyum Mbarouk Hakukichukua

Tarehe 30 Juni 1958, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne, Bwana Sleyum bin Mbarouk, Karani wa Masjala ya Pamoja ya Kilindoni, ataweka kalamu mezani na kustaafu. Kamati ya hafla imemwomba mwandishi wa maneno haya aandike wasifu wake kwa ufupi na bila mabishano. Kuhusu ufupi, mwandishi amejitahidi. Kuhusu mabishano, kamati inamfahamu mwandishi tangu aliporudi kutoka Makerere mwaka 1953, na haikupaswa kujipa matumaini.

Kwa wageni wetu wa bara, ambao huenda wanadhani masjala ni chumba cha kuwekea vumbi, inafaa kueleza kwamba humo ndimo zinamokaa barua, hati na majalada yote ya kisiwa chetu cha Mafia: nani kampa nani shamba, nani kaoa kwa mkataba gani, nani kapeleka malalamiko mwaka gani na akajibiwa au hakujibiwa. Mtu wa Mafia anaweza kuisahau siku yake ya kuzaliwa bila hasara yoyote. Masjala ikiisahau mipaka ya shamba lake, hana pa kulala.

Bwana Sleyum alizaliwa mwaka 1903. Alisoma miaka miwili katika shule ya Wajerumani kabla ya Vita Vikuu kuwaondoa walimu, na katika miaka hiyo miwili alijifunza kusoma mwandiko wao uliopindapinda kama mizizi ya mkoko. Nyumbani, baba yake alimfundisha kusoma hati za Kiarabu. Kiingereza alijifundisha mwenyewe, kwa kuzisoma barua alizokuwa akizihifadhi. Alipoajiriwa tarehe 1 Machi 1927, ofisi ilidhani imeajiri mfungua bahasha. Miezi sita baadaye ilitambua kwamba imempata mtu pekee kisiwani awezaye kusoma karatasi zake zote, na kwa busara ya kiofisi iliyozoeleka, haikumbadilishia cheo.

Mambo mengi anayosifiwa leo aliyabuni kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Wakati wa vita vya pili, utepe wa kufungia majalada uliadimika. Maombi yalipelekwa makao makuu, na makao makuu yakajibu kwa kuuliza utepe uliopita ulitumikaje. Bwana Sleyum hakusubiri mabishano hayo yaishe. Mkewe, Bi Zuleikha, ni msuka mikeka, na nyumbani mwao hapakosekani ukindu uliotiwa rangi. Akaanza kufunga majalada kwa vipande vya ukindu: mwekundu kwa shamba lenye ugomvi, mweusi kwa mirathi, na usiotiwa rangi kwa mambo ya kawaida. Utepe ulipopatikana tena mwaka 1947 hakuna aliyeutaka. Upo mpaka leo katika sanduku lake, umehifadhiwa vizuri, na una jalada lake.

Alikuwa na desturi nyingine iliyowachekesha makarani wageni. Jalada lilipotolewa rafuni, hakuacha pengo tupu. Pale lilipokuwa aliweka kipande cha ukindu, na juu yake karatasi ndogo inayosema limekwenda wapi, siku gani, na kwa mkono wa nani. Bwana Shauri mmoja wa zamani, yaani afisa wa wilaya, alipochukua jalada kwenda nalo nyumbani, alikuta karatasi imeandikwa: "Kwa Bwana Shauri, chini ya gazeti, kando ya kiti cha baraza ya nyuma." Inasemekana jalada lilirudi siku ileile.

Wala majalada ya siri hayakuwahi kuvuja enzi zake. Aliyaweka nyuma ya rundo lililoandikwa "Mbuzi Waliopotea, 1929 hadi 1938". Hoja yake ilikuwa kwamba kisiwani hapa kila mtu hutamani kujua siri, lakini hakuna anayetaka kuulizwa habari za mbuzi.

Sasa tufikie jambo la cheti, ambalo kamati ilishauri liguswe kwa wepesi.

Mwaka 1953 ulifika waraka. Ulisema kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1955, hakuna mtu atakayekuwa Mkuu wa Masjala yoyote bila cheti cha taaluma ya utunzaji wa kumbukumbu. Wakati huo Bwana Sleyum alikuwa amekaimu ukuu wa masjala kwa miaka minne, na alikuwa na umri wa miaka hamsini. Waraka haukusema cheti kipi. Uliambatanishwa na vijitabu vya vyuo vitatu vya Uingereza vinavyofundisha kwa posta, ukamwachia mwombaji achague.

Mwandishi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi akiwa karani wa pili, ana shahada mpya na maoni kuhusu kila jambo. Alimshauri Bwana Sleyum kwa hotuba ya karibu saa nzima. Chuo cha kwanza, alisema, kilikuwa cha makatibu, na utunzaji wa kumbukumbu humo ulipewa nusu sura, baada ya namna ya kupokea wageni. Chuo cha tatu kilikuwa na masomo kumi na mawili tu, ya vitendo vitupu, kana kwamba kinafundisha ufundi seremala. Chuo cha pili ndicho kilichostahili mtu mwenye akili. Kilifundisha historia ya nyaraka tangu Roma, kusoma ngozi za kale, na Kilatini cha miaka miwili.

Bwana Sleyum alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kusikiliza watu wenye malalamiko.

"Nimekuelewa, Jabir," alisema. "Lakini hapa Mafia, ni nani aliyewahi kuuza mnazi kwa Kilatini?"

Mwandishi alijibu kwamba elimu haipimwi kwa minazi. Alijibiwa kwamba mkate wa karani wa Mafia unapimwa kwa hiyo hiyo.

Kisha Bwana Sleyum alifanya jambo ambalo mwandishi aliliona siku ile kuwa la kitoto, na sasa analiona kuwa mtihani bora kuliko wowote uliowahi kutungwa na vyuo hivyo. Aliviandikia vyote vitatu barua ya mistari minne, siku moja, kila moja na namba yake ya kumbukumbu, akauliza swali moja: je, mwanafunzi anaweza kufanyia mtihani Mafia? Akatulia akasubiri.

Chuo cha makatibu kilijibu baada ya miezi mitatu, kikamwita Bibi Sleyum, na kikamtumia kijitabu kilekile alichokuwa nacho. Chuo cha Kilatini kilijibu mara mbili. Barua ya kwanza ilisema inawezekana. Ya pili, iliyotiwa sahihi na mtu yuleyule wiki moja baadaye, ilisema haiwezekani, wala haikutaja kwamba iliwahi kuwapo ya kwanza. Chuo cha masomo kumi na mawili kilijibu kwa posta ya kwanza iliyowezekana. Kilitaja tarehe ya barua yake na namba yake, kikasema ndiyo, na kikaeleza nani atasimamia.

"Hawa ndio," alisema Bwana Sleyum. "Anayetaka kunifundisha kutunza barua, kwanza aijue yangu iko wapi."

Mwandishi alibishana kwa wiki mbili zaidi, kwa heshima ya Roma, halafu naye akajiandikisha katika chuo kilekile. Sababu aliyotoa ni kwamba ofisi iwe na mpango mmoja. Sababu ya kweli ni kwamba hakutaka mzee wa miaka hamsini apate cheti ambacho yeye hana.

Masomo yakaanza kuja. Bwana Sleyum aliyasoma polepole, moja baada ya jingine, na hakubadilisha kitu masjalani mpaka aone somo zima linaelekea wapi. Mwandishi aliyasoma kwa kasi na kuyatekeleza papo hapo. Somo la Nne lilisema kwamba majalada ya watu yapangwe kwa jina la ukoo, kwa mfuatano wa herufi. Bwana Sleyum alikuwa akiyapanga kwa mashamba: kila kijiji na tundu lake la rafu, na ndani yake kila shamba kando ya majirani zake, kama yalivyokaa ardhini. Mwandishi aliuona mpango huo kuwa wa kijima. Mwanzoni mwa mwaka 1955, mzee alipokwenda likizo ya mwezi mmoja, mwandishi alihamisha majalada elfu moja na mia mbili.

Hapa panahitaji kukiri jambo kwa lugha iliyonyooka. Watu wa Mafia hawana jina la ukoo la namna ile iliyokusudiwa na Somo la Nne. Wana jina lao na jina la baba. Mpango ule uliwakusanya chini ya "Mfaume" watu arobaini na mmoja wasiohusiana kwa damu wala kwa mpaka, na ukawatawanya watoto wa nyumba moja na wajukuu zao katika pembe nne za chumba. Mwandishi bado ana hoja tatu za kuutetea mpango huo, na atakayemkuta baada ya hafla atapewa zote.

Bwana Sleyum aliporudi likizo, alisimama mlangoni akatazama.

"Umefanya kazi kubwa," alisema.

Mwandishi alishukuru, akadhani amesifiwa. Hakuona, au aliona asijali, kwamba kwa wiki kadhaa zilizofuata mzee alibaki ofisini nusu saa baada ya kazi. Alikuwa akipita kwenye matundu ya zamani yaliyobaki matupu, na katika kila pengo akiweka ukindu wake na karatasi yake.

Mtihani uliwekwa siku ya Jumanne ya pili ya Juni mwaka ule, katika darasa la shule hapa Kilindoni. Msimamizi alikuwa Mzungu aliyeletwa na ndege kwa ajili hiyo na kuondoka nayo kesho yake. Watahiniwa walikuwa wawili. Muda uliowekwa na waraka ulikuwa umebaki miezi sita tu: asiyepata cheti siku ile hangekipata kabla ya mwisho wa mwaka, na ukuu wa masjala ungempita. Bwana Sleyum alilijua hilo. Jumatatu alipewa ruhusa akae nyumbani asome, na Bi Zuleikha aliwafukuza wasuka mikeka wenzake barazani ili apate utulivu.

Jumatatu hiyohiyo, Baraza la Kirongwe, yaani mahakama ya huko, lilituma ombi la jalada. Bi Biubwa binti Mfaume, mjane wa huko, alikuwa na kesi siku ya pili. Marehemu mumewe, Abeid, alimpa shamba la minazi tisini kwa hati ya hiba mwaka 1931, na nyumba anayoishi na binti zake imo ndani ya shamba hilo. Shemeji yake, Muhidini, alidai hapakuwa na hiba yoyote na kwamba mjane afungashe vyombo. Nakala pekee ya hati ilikuwa katika masjala yetu. Mwandishi alikwenda kwenye "Mfaume", akatoa jalada la Biubwa, akalitia katika bahasha, akapiga muhuri, akamkabidhi tarishi wetu, Iddi. Kazi hiyo ilimchukua dakika mbili, na alitembea kurudi mezani akiwaza jinsi Somo la Nne lilivyo jema.

Asubuhi ya Jumanne tuliingia mtihanini saa tatu. Msimamizi alieleza masharti: atakayetoka hatarudi. Tulikuwa tumekwenda saa moja na nusu Iddi alipotokea dirishani, baiskeli mkononi, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Alikuwa ameendesha maili kumi na tano za mchanga.

"Mzee Sleyum! Shikamoo."

"Marahaba. Hapa pana mtihani, Iddi."

"Na kule pana shamba, mzee! Hakimu kafungua bahasha mbele ya watu wote, ndani mna ombi la kufungua mgahawa wa chai!"

Lilikuwa jalada la Biubwa binti Mfaume mwingine, wa Utende, mwanamke mwenye bidii ambaye hana shamba wala shemeji.

"Muhidini kacheka mpaka kofia imemdondoka," Iddi aliendelea. "Kamwambia Bi Biubwa, 'Shemeji, kumbe urithi wako ni birika!' Watu wakaangua kicheko. Bi Biubwa kajifunika ushungi tu. Hakimu kasema anangoja mpaka alasiri. Hati isipofika, atahukumu kwa maneno ya mashahidi waliopo, na mashahidi waliopo wote ni wa Muhidini."

"Si uichukue hati wewe uipeleke mbio?"

"Hakimu hataki, mzee. Baada ya kuletewa chai, hataki tena bahasha. Kasema aje karani wa masjala mwenyewe aiapie."

Makarani wa masjala walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa wamekaa mle darasani mbele ya karatasi zao.

Wasifu huandikwa kwa ajili ya anayestaafu, lakini ukweli unadai mstari mmoja kuhusu mwandishi. Kosa lilikuwa lake. Aliinua kichwa, akaitazama saa ukutani, akainama tena.

Bwana Sleyum alikuwa kwenye swali la tatu. Alifunika kalamu yake, akapanga karatasi zake zikae sawa, akasimama. Msimamizi alimkumbusha kwa Kiingereza kwamba akitoka amejitoa. Alijibu kwa Kiingereza kwamba ameelewa na anashukuru. Alipopita kwenye dawati la mwandishi, mwandishi alinong'ona kwamba pengine aende yeye.

"Kaa, mwanangu," alisema mzee. "Utakwenda na nini? Faili lenyewe hujui liliko."

Masjalani hakugusa kabati la "Mfaume". Alikwenda moja kwa moja kwenye tundu la zamani la Kirongwe, akahesabu mashamba kutoka barabarani, akafika palipokuwa pa shamba la Bi Biubwa, akachomoa karatasi iliyokaa juu ya ukindu mwekundu. Iddi, aliyekuwa nyuma yake, anaikumbuka ilivyosomeka: "Limehamia rafu ya nne kulia, chini ya jina la baba wa Abeid, kwa amri ya Somo la Nne." Hati ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtoaji, yaani mumewe, wala haikuwa kwa Mfaume kabisa. Dakika nne baadaye Bwana Sleyum, mtu wa miaka hamsini na miwili, akiwa amevaa kanzu na koti la mtihani, alikuwa juu ya baiskeli ya Iddi.

Wakati huohuo mwandishi alikuwa amefika swali la sita. Lilisema: "Eleza njia ambayo mtunza kumbukumbu ataitumia ili jalada lililoondolewa mahali pake liweze kufuatiliwa." Somo lililohusika lilikuwa la Tisa, ambalo mwandishi alilipitia kwa haraka, kwa kuwa alikwisha jua kila kitu. Akakumbuka vipande vya ukindu. Akaandika kurasa mbili juu yake, akiuita "mfumo unaotumika katika baadhi ya masjala za kisasa".

Yaliyotokea Kirongwe mwandishi ameyapata kwa Bi Biubwa mwenyewe, ambaye huyasimulia kwa kila anayempa nafasi. Bwana Sleyum alifika saa nane kasorobo, kanzu imejaa mchanga hadi magotini. Aliomba maji, akanawa uso, akaingia barazani. Muhidini hakumngoja hata aketi.

"Huyu ni nani hasa?" aliuliza. "Asubuhi mmetuletea chai, sasa mmetuletea mpishi? Ana cheti gani cha kutuambia kwamba karatasi hii ni ya kweli?"

"Cheti nilikuwa nakiandika asubuhi hii, Bwana Muhidini," alijibu. "Nimekiacha kwenye swali la tatu. Wewe niulize la nne hapahapa."

Hata hakimu, wanasema, alificha mdomo kwa mkono. Kisha akamuuliza kwa uzito atajuaje kuwa hati hii ndiyo iliyopokewa mwaka 1931, na si nyingine iliyoandikwa jana. Bwana Sleyum alieleza kwamba aliipokea kwa mkono wake, siku gani, na nani walikuwapo. Bila kuifungua, akalitaja shamba kwa majirani zake wa pande zote nne, akitofautisha waliokuwa hai siku ile na waliokwisha fariki. Akamwomba hakimu aangalie alama ya dole gumba la mtoaji.

"Katikati mna mstari mweupe," alisema. "Ni kovu. Marehemu Abeid alijichoma kwa kifuo alipokuwa akifua nazi. Alipokuja kwetu jeraha lilikuwa limepona karibuni, nikamuuliza. Akaniambia aliyemfunga kitambaa siku ile ni mdogo wake." Akamgeukia Muhidini. "Ulimfunga kitambaa cha rangi gani, Bwana Muhidini?"

Muhidini aliisogelea hati akaitazama alama ile. Halafu, na hili lihesabiwe kwa heshima yake, akasema taratibu, "Cheupe. Kipande cha kanzu yangu."

Shamba lilibaki kwa Bi Biubwa kabla ya adhana ya alasiri.

Siku ya pili Bwana Sleyum aliomba kuona karatasi ya maswali. Aliisoma amesimama, akifunga majalada, akayajibu yote kumi na mawili kwa mdomo. Mwandishi, akilinganisha na alichoandika yeye, aliona amepitwa kwa mawili. Kwenye swali la sita mzee alimtazama, akauliza alijibu nini. Mwandishi akamwambia. Bwana Sleyum alicheka mpaka akakaa.

"Basi umefaulu," alisema. "Hilo nimekufundisha bure."

Cheti kilikuja Septemba, kwa jina la mwandishi, na pamoja nacho maoni ya mtahini aliyelisifu jibu la sita kuwa la kiutendaji na lenye ubunifu. Januari 1956, kwa mujibu wa waraka, mwandishi alithibitishwa kuwa Mkuu wa Masjala, na Bwana Sleyum akawa karani chini yake. Mwandishi aliandika barua tatu za kupinga, zote ndefu. Makao makuu yalijibu kwamba waraka hauna nafasi ya mabishano. Bwana Sleyum alishauriwa afanye mtihani mwaka uliofuata, huko Dar es Salaam, akakataa. Alisema cheo kimekwisha pata mwenyewe, na yeye hana haja ya karatasi ya kumweleza yaliyomo katika chumba ambacho amekaa humo tangu kijana.

Funguo alizikabidhi zikiwa katika kipande cha ukindu mweusi. Mwandishi aliuliza kama ni kwa sababu ya msiba. Aliambiwa ni kwa sababu ya mirathi.

Kwa miaka miwili na nusu tumefanya kazi hivyo. Kila asubuhi Mkuu wa Masjala alisema, "Shikamoo," na karani wake akajibu, "Marahaba, Mkuu," bila kutabasamu hata mara moja. Majalada elfu moja na mia mbili yalirudishwa kwenye mashamba yake, kazi iliyochukua wiki tano, na mzee hakusema, "Nilikuambia." Kwa mtu mwenye tabia ya mwandishi, hiyo ndiyo adhabu isiyovumilika. Tulibishana juu ya kila kitu kingine: mchwa, wino, Roma, na kama wanawake wawili wanaoitwa jina moja wanapaswa kulaumiwa. Mwandishi alishinda mara chache, na kila aliposhinda, mzee aliandika tarehe.

Wiki iliyopita ilikuja fomu ya kustaafu, ijazwe na kutiwa sahihi na Mkuu wa Masjala. Safu ya saba inauliza: "Sifa ya kitaaluma ya mtumishi." Mwandishi alijaza: "Aliuacha mtihani ili aende kazini." Fomu ilirudi kutoka makao makuu na ujumbe kwamba hiyo si sifa inayotambulika, na kwamba mtumishi asiye na cheti aandikiwe "Hana". Mwandishi aliirudisha kama ilivyo, pamoja na hoja za kurasa nne. Ikarudi tena, na sasa ilikuwa na onyo.

Bwana Sleyum aliikuta mezani. Aliisoma safu ya saba, akazisoma kurasa nne, akatia alama pale ambapo hoja ya pili inarudia ya kwanza.

"Andika 'Hana', Jabir," alisema. "Bi Zuleikha ameshaanza kufunga vyombo, na wewe unataka nichelewe kwa ajili ya neno."

Mwandishi aliandika "Hana" na kutia sahihi. Katika masjala yetu mna barua za uchongezi, madai ya mbuzi ambao hawakuwahi kuzaliwa, na ripoti za mabwana walioandika habari za vijiji wasivyovifikia. Zote hizo ziliandikwa na wengine. Safu ya saba ya fomu ile ndiyo uongo pekee ulioingia humo kwa mkono wa mwenye cheti.

Bwana Sleyum, watumishi wote wa Kilindoni wanakushukuru, na aliyekaa kwenye kiti chako anakushukuru zaidi yao. Mungu akupe afya njema wewe na Bi Zuleikha, na siku nyingi zisizo na namba ya kumbukumbu. Kaa kwa amani. Ukipita barabarani ukasikia mtu anabishana masjalani, usiingie kumsaidia, maana safari hii ni lazima ajifunze mwenyewe.